Maadhimisho ya chama cha watazama ndege: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Chama kinapokaribia kutimiza miaka 10, 25, 50 au zaidi, maswali huanza kumiminika kwa katibu. Wanachama wanauliza, wageni wanauliza, na kamati ya maandalizi nayo ina yake. Hapa tumekusanya yale yanayojirudia zaidi. Mengine yanamhusu mgeni anayekuja kwa mara ya kwanza, mengine yanawahusu waandaaji. Chukua yanayokufaa.

Chama cha kutazama ndege kinaadhimisha nini hasa?

Kinaadhimisha kumbukumbu zake. Viongozi hubadilika, wanachama huhama, hata nembo huchorwa upya. Kinachobaki ni orodha za ndege waliohesabiwa mahali palepale, msimu baada ya msimu. Orodha ya mwaka mmoja inakwambia ndege gani walikuwepo. Orodha za miaka 40 zinakwambia nani anaongezeka, nani anapungua, na nani alizoea kuja kila mwaka na sasa haonekani tena.

Mwaka 2019 jarida la Science lilichapisha utafiti ulioonyesha kwamba idadi ya ndege nchini Marekani na Kanada imepungua kwa karibu bilioni 2.9 tangu 1970, yaani zaidi ya robo ya wote waliokuwepo. Wengi wa waliopotea hawakuwa ndege adimu. Walikuwa ndege wadogo wa kawaida, wale ambao kila mtu huwaona na hakuna anayejishughulisha kuwahesabu. Upungufu huo ulijulikana kwa sababu kulikuwa na watu waliojishughulisha. Sehemu kubwa ya takwimu ilitoka kwa watu wa kujitolea, wakiwemo wanaoshiriki hesabu ya ndege wanaozaliana iliyoanzishwa mwaka 1966.

Basi maadhimisho yakipangwa, jambo la kwanza la kujiuliza ni hili: kumbukumbu zetu ziko wapi, ziko katika hali gani, na siku hiyo zitatumikaje? Ukumbi, fulana na mgeni rasmi vinafuata baadaye.

Je, vyama vya aina hii vina historia ndefu?

Ndefu kuliko wengi wanavyodhani. Muungano wa wanaornitholojia (wataalamu wa ndege) wa Uingereza, BOU, uliundwa mwaka 1858. Nchini Marekani, klabu ya ndege ya Nuttall ilianza mwaka 1873 huko Cambridge, Massachusetts. BirdLife International, ambayo leo inaunganisha mashirika ya ndege ya nchi nyingi, ilianza mwaka 1922 kwa jina jingine na ikatimiza miaka 100 mwaka 2022.

Historia ya RSPB, shirika la kulinda ndege la Uingereza, ndiyo inayofaa zaidi kusimuliwa siku ya maadhimisho. Mwaka 1889, Emily Williamson alikusanya wanawake wenzake nyumbani kwake Manchester kupinga biashara ya manyoya ya ndege yaliyokuwa yakipambwa kwenye kofia. Yangeyange na ndege wengine walikuwa wakiuawa kwa maelfu kwa ajili ya mtindo wa mavazi. Wanachama wa mwanzo waliahidi kutovaa manyoya ya ndege yeyote asiyeuawa kwa chakula, isipokuwa mbuni. Uingereza ilipitisha sheria ya kuzuia uingizaji wa manyoya hayo mwaka 1921. Zaidi ya miaka 30 ilipita kati ya kikao cha sebuleni na sheria ya bunge. Kamati yoyote inayolalamika kwamba mambo yanakwenda polepole ina haki ya kujua hilo.

Miaka ihesabiwe kuanzia lini: siku ya matembezi ya kwanza au siku ya usajili?

Chagueni moja, iandikwe, na isibadilishwe. Ushauri wetu ni siku ya matembezi ya kwanza yaliyoacha orodha iliyoandikwa.

Mimi si mwanachama, na ndege ninaowajua ni kunguru na njiwa tu. Nakaribishwa?

Unakaribishwa sana. Ukiweza kumtofautisha kunguru na njiwa kwa mbali, bila kuona rangi, tayari unatumia umbo, ukubwa, namna ya kuruka na mahali anapopenda kutua. Hivyo ndivyo vitu vinavyomwezesha mtazamaji mzoefu kutaja jina la ndege kabla wengine hawajainua darubini. Rangi huja baadaye, na mara nyingi hudanganya, hasa jua likiwa nyuma ya ndege.

Kuna jambo moja tu tunalokuomba: usione haya kuuliza. Mtu akitamka jina la ndege na wewe hukumwona, sema hukumwona. Kiongozi mzuri atasubiri, atakuelekeza kwa kutumia vitu visivyotikisika ("mti mkavu ule, tawi la pili kulia, karibu na shina"), na hatasogea mpaka umwone au ndege aondoke mwenyewe. Ukikutana na kiongozi asiyesubiri, hamia kundi jingine.

Sina darubini. Nikitaka kununua, namba kama 8x42 zina maana gani?

Kwa siku ya maadhimisho usinunue chochote. Chama kinachojiheshimu huweka pembeni darubini kadhaa za kuazima, na mwanachama mwenye mbili huja na zote.

Namba ya kwanza ni ukuzaji: 8 ina maana ndege anaonekana kama umbali umegawanywa mara nane. Namba ya pili ni upana wa lenzi ya mbele kwa milimita. Ukigawa ya pili kwa ya kwanza, 42 kwa 8, unapata 5.25, na huo ndio upana wa mwanga unaofika kwenye jicho lako kwa milimita. Alfajiri na kwenye msitu wenye kivuli, upana huo una faida kubwa. Watu wengi hukimbilia 10 au 12 wakidhani kubwa ndiyo bora, lakini kadiri ukuzaji unavyoongezeka ndivyo mtetemo wa mikono unavyokuzwa, na eneo unaloliona linakuwa finyu. Kwa anayeanza, 8x42 au 8x32 inatosha kabisa, na watazamaji wengi wenye uzoefu wa muda mrefu hawajaiacha.

Ukikabidhiwa darubini, ipange kwanza. Ikunje au ikunjue mpaka miduara miwili unayoona iwe mmoja. Funga jicho la kulia, tazama kitu chenye maandishi au kingo kali, zungusha gurudumu la katikati mpaka jicho la kushoto lione vizuri. Kisha funga la kushoto, na uzungushe pete ndogo iliyo kwenye upande wa kulia mpaka nalo lione vizuri. Baada ya hapo unagusa gurudumu la katikati tu. Ukivaa miwani, shusha vikombe vya mpira vilivyo upande wa macho. Watu wengi sana wametembea asubuhi nzima wakiona ukungu, wakidhani macho yao ni mabovu, kwa sababu tu hakuna aliyewaonyesha ile pete ndogo.

Na ukimwona ndege, usiyaondoe macho yako kwake kuitafuta darubini. Endelea kumkazia macho, uilete darubini kwenye macho. Ni jambo dogo, na ndilo linalotenganisha wanaomwona ndege na wanaoyaona majani.

Kwa nini matembezi yaanze alfajiri wakati sherehe yenyewe ni mchana?

Kwa sababu ndege hawafuati ratiba yetu. Saa mbili au tatu za kwanza baada ya mapambazuko ndizo zenye uimbaji na pilikapilika nyingi kwa ndege wengi wa nchi kavu. Jua likipanda, wengi huingia kivulini na kunyamaza. Tai na ndege wengine wakubwa wanaopaa juu ni kinyume chake, wao husubiri hewa ipate joto ili iwainue. Kwa hiyo ratiba nzuri ina matembezi ya alfajiri kwa ajili ya ndege wadogo, na nusu saa ya kutazama angani kabla ya mchana. Ndege wa pwani wafuatwe kwa majira ya maji kujaa na kupwa, si kwa saa ya ukutani.

Tarehe ipi inafaa?

Si lazima iwe siku ileile chama kilipozaliwa. Angalieni kwanza msimu wa kutaga wa ndege wa eneo mnalotembelea. Ikiwa ni eneo la viota vya ardhini au la makoloni ya ndege wa majini, msipeleke umati wakati huo, hata kama ndiyo tarehe halisi ya kuanzishwa. Mnaotaka kuungana na wengine duniani mna Siku ya Ndege Wahamaji Duniani, iliyoanza mwaka 2006 na ambayo sasa huadhimishwa Jumamosi ya pili ya Mei na ya Oktoba.

Nivae nini?

Nguo za rangi iliyopoa, kahawia au kijani, viatu vilivyofungwa, kofia, na koti lisilopiga kelele unapotembea. Fulana nyeupe za maadhimisho zivaliwe ukumbini. Viatu visafishwe kabla na baada, hasa kama umetoka kwenye mabanda ya kuku au eneo jingine lenye ndege, kwa kuwa matope hubeba magonjwa.

Watu ni wengi. Tutatembeaje bila kuwafukuza ndege?

Gawanyeni makundi. Zaidi ya watu 12 kwenye njia moja, wa nyuma hawaoni kitu isipokuwa migongo ya wenzao, na wa mbele wanatembea mbele ya kelele. Kila kundi liwe na kiongozi mmoja anayetambua ndege na mtu mwingine anayeandika tu. Kazi hizi mbili zisipewe mtu mmoja, maana anayetafuta ndege na kuelekeza wenzake husahau kuandika idadi, halafu orodha inatoka na majina bila hesabu.

Makundi yasipite njia moja yakifuatana kwa karibu. Yaanzie sehemu tofauti, kisha yakutane ukumbini.

Naruhusiwa kucheza sauti ya ndege kwenye simu ili ajitokeze?

Hapana, si kwenye shughuli ya umati. Ndege dume akisikia sauti ya dume mwenzake ndani ya eneo lake huacha kula, huacha kulinda kiota, na kuja kumtafuta mvamizi ambaye hayupo. Mtu mmoja akifanya hivyo mara moja, huenda madhara yakawa madogo. Makundi matano yakipita palepale asubuhi moja, kila moja na simu yake, ndege huyo amepoteza saa za thamani kuliko zote kwa siku yake. Simameni kimya kwa dakika tano. Kimya huwatoa ndege wengi kuliko simu.

Nimeona kiota. Naweza kupiga picha?

Rudi nyuma kwanza. Ukiona ndege ana chakula mdomoni na hasogei, anaruka kutoka tawi hili hadi lile akikutazama na kutoa mlio mkavu unaojirudia, wewe ndiye unayemzuia kuingia kiotani. Makinda yanangoja. Ondoka mpaka aingie. Ndege mwingine, hasa wanaotaga ardhini, ataburuta bawa kama limevunjika ili umfuate yeye uyaache mayai. Watu humhurumia na kumsogelea wakitaka kumsaidia, na wakati mwingine huyakanyaga mayai yaleyale aliyokuwa akiyaficha.

Usikate matawi kupata mwanga wa picha. Majani uliyoyaondoa ndiyo yaliyokuwa yakimficha kinda dhidi ya mwewe na jua. Picha ya kiota isiwekwe mtandaoni ikiwa na mahali kilipo.

Hesabu ya siku hiyo inafanywaje? Ni mashindano?

Inaweza kuwa mashindano ya kirafiki kati ya makundi, lakini lengo ni orodha itakayokuwa na thamani miaka 20 ijayo.

Mwaka 1900, Frank Chapman, mtaalamu wa ndege wa Marekani, alipendekeza kwamba badala ya mashindano ya Krismasi ya kuua ndege na wanyama yaliyokuwa yamezoeleka Marekani, watu watoke wakawahesabu wakiwa hai. Desemba 25 mwaka huo watu 27 walihesabu katika maeneo 25, wakapata takriban aina 90. Hesabu hiyo inaendelea hadi leo kila mwaka. Imedumu kwa sababu ina kanuni: eneo linajulikana, muda unaandikwa, na idadi ya wahesabuji inaandikwa.

Nanyi fanyeni hivyo hivyo. Andikeni saa ya kuanza na ya kumaliza, umbali mliotembea, watu wangapi walikuwa wakitazama, hali ya hewa, kila aina na idadi yake. Ndege mliyemsikia bila kumwona anahesabiwa, ila awekewe alama. Msiyemtambua aandikwe "hakutambulika", wala si aibu. Kinachoharibu orodha ni jina lililokisiwa likaandikwa kana kwamba ni hakika.

Kama kumbukumbu zinaonyesha njia ya matembezi ya kwanza kabisa ya chama, kundi moja lirudie njia hiyohiyo, kwa mwendo na muda uleule. Huo ndio ukurasa utakaosomwa ukumbini kwa shauku kuliko kitu kingine chochote, orodha ya zamani upande mmoja na ya leo upande wa pili. Msomaji awe mwangalifu kidogo. Siku moja dhidi ya siku moja haithibitishi kwamba ndege fulani ametoweka. Huenda alikuwa bonde la pili asubuhi hiyo. Lakini inaonyesha pa kuchunguza, na orodha za miaka ya katikati zitatoa jibu.

Programu za simu zinazotambua sauti zinakubalika?

Kama msaada, ndiyo. Programu kama Merlin, iliyopata uwezo wa kutambua sauti mwaka 2021, imewafungulia watu wengi mlango wa mchezo huu, na sisi tunaifurahia. Ila simu ikitaja ndege ambaye hakuna mwanadamu aliyemsikia wala kumwona, asiingie kwenye orodha. Ndege waigaji huidanganya. Itumie ikuelekeze upande wa kutazama, kisha thibitisha mwenyewe.

Nina daftari za zamani za mzazi wangu aliyekuwa mwanachama. Zina faida yoyote?

Zilete. Tafadhali zilete, hata kama mchwa wamekula kingo.

Watu huzidharau kwa sababu zinaonekana hazina mpangilio. Mstari wa penseli uliofifia: tarehe, "mawingu, upepo kidogo", jina la bwawa, majina saba ya ndege, na mbele ya kila jina vijiti vya kuhesabia vilivyofungwa vitanovitano. Mwisho wa ukurasa, "mbayuwayu wengi mno, sikuweza kuhesabu". Mstari huo una tarehe, mahali, hali ya hewa, aina na idadi. Hata ile kauli ya mwisho ni takwimu: siku hiyo, kwenye bwawa hilo, mbayuwayu walikuwa wengi kuliko uwezo wa mtu mmoja kuhesabu. Kama leo wanahesabika kwa vidole, tuna jambo la kulifuatilia.

Nguvu ya kumbukumbu ilionekana wazi katika kisa cha albatrosi mmoja jike wa kisiwa cha Midway, Bahari ya Pasifiki. Mwaka 1956 mtafiti Chandler Robbins alimvisha pete ya namba mguuni. Pete huchakaa kwa chumvi ya bahari, kwa hiyo ndege huyo alivishwa nyingine kadiri miaka ilivyopita. Mwaka 2002 Robbins alikuwa tena kisiwani, akamshika albatrosi na kumbadilishia pete. Namba ilipofuatiliwa nyuma, pete hadi pete, daftari hadi daftari, ikabainika kwamba ni yule yule aliyemshika miaka 46 iliyotangulia. Amepewa jina Wisdom, na mwishoni mwa 2024 alitaga tena, akiwa na umri unaokadiriwa kuwa miaka 74 hivi. Laiti mtu mmoja tu katikati angetupa daftari lake, dunia isingejua kwamba ndege wa porini anaweza kuishi na kuzaa muda mrefu hivyo.

Siku ya maadhimisho kuwe na meza maalumu ya kupokea daftari. Kila moja ipigwe picha ukurasa kwa ukurasa hapohapo, kwenye mwanga wa dirishani, na mwenyewe aondoke nayo. Usimwombe mtu akuachie urithi wa mzazi wake, omba nakala. Baada ya hapo, wachapaji wawili waingize takwimu kwenye jedwali, mmoja akisoma na mwingine akiandika. Jina liandikwe kama lilivyo daftarini, na jina la kisayansi la sasa liwekwe safu ya pembeni, kwa maana majina ya ndege yamebadilishwa mara nyingi na kosa la kubadilisha jina haliwezi kurekebishwa kama la asili limefutwa. Ikiwezekana, pelekeni takwimu kwenye hifadhi ya wazi kama eBird, iliyoanzishwa mwaka 2002 na inayopokea hata orodha za miaka mingi iliyopita.

Wazee wa chama wapewe nafasi gani?

Kiti cha mbele hakitoshi. Wapeni kinasa sauti na mtu kijana wa kuwauliza maswali. Mzee akiulizwa "tuambie historia ya chama", atataja wenyeviti. Akiulizwa "ukisimama hapa pa kuegesha magari, zamani ulikuwa unasikia ndege gani?", atanyamaza kidogo, kisha atataja ndege ambao hakuna aliyewaandika popote. Atataja miti iliyokatwa, kinamasi kilichokaushwa, mwaka maji yalipofika barabarani. Mambo hayo ndiyo yanayoeleza kwa nini takwimu zilipanda au zikashuka.

Waliofariki wasomwe majina, na kama kuna ndege ambaye mmoja wao ndiye aliyemwona wa kwanza katika eneo lenu, isemwe.

Tunaweza kurusha maputo, kupiga fataki au kuachia njiwa weupe?

Hapana kwa yote matatu, na hili tunalisema kwa msisitizo kwa sababu pendekezo hili hujitokeza karibu kila mara, tena kwa nia njema.

Puto lililorushwa huanguka mahali fulani, mara nyingi majini. Utafiti wa Australia uliochapishwa mwaka 2019 uligundua kwamba ndege wa baharini aliyemeza kipande cha puto ana uwezekano mkubwa wa kufa mara 32 kuliko aliyemeza kipande cha plastiki ngumu, kwa sababu mpira laini huziba utumbo.

Fataki huwarusha ndege gizani wakiwa hawaoni. Usiku wa kuamkia Januari 1, 2011, katika mji wa Beebe, Arkansas, maelfu ya ndege walianguka wamekufa baada ya milipuko kuwafurusha kwenye miti waliyolala, wakagonga nyumba na nguzo.

Njiwa weupe wa sherehe ni ndege wa kufugwa. Hawajui kujitafutia chakula wala kujificha, na weupe wao huwatangaza kwa kila kipanga aliye karibu. Wengi hawaishi siku nyingi. Chama cha ndege hakiwezi kufungua sherehe yake namna hiyo.

Ukumbi uchaguliwe kwa vigezo gani?

Tazameni vioo. Ukumbi wenye vioo vikubwa vinavyoakisi miti ni mtego; nchini Marekani pekee watafiti wamekadiria kwamba ndege kati ya milioni 365 na 988 hufa kila mwaka kwa kugonga majengo. Kama hamna ukumbi mwingine, bandikeni alama upande wa nje wa kioo, kwa nafasi isiyozidi sentimeta 5 kati ya alama na alama. Picha moja ya kipanga iliyobandikwa katikati haisaidii. Usiku, taa za nje zizimwe au zielekezwe chini, kwani ndege wengi wahamaji husafiri usiku na mwanga huwapoteza.

Zawadi na mapambo je?

Daftari la mfukoni na penseli. Orodha ya ndege wa eneo lenu iliyochapishwa vizuri. Picha zilizopigwa na wanachama. Manyoya ya ndege wa porini hapana, hata yaliyookotwa. Katika nchi kadhaa kuyamiliki ni kosa la jinai, na baadhi ya vyama vya ndege, kama RSPB, vilianza kwa kuyapinga.

Hotuba ngapi?

Mbili. Ya mwenyekiti na ya mgeni rasmi, na zote zije baada ya orodha ya asubuhi kusomwa. Ripoti ya mweka hazina ingojee mkutano mkuu.

Watoto waje?

Waje, na wawe na kundi lao lenye njia fupi. Mtoto mdogo hupata shida kutumia darubini, basi mpe kazi ya masikio: afumbe macho dakika moja na kuinua kidole kila anaposikia sauti mpya. Watoto husikia sauti nyembamba ambazo watu wazima hawazisikii tena, na chama kinawahitaji kwa hilo hasa. Wasimulieni pia habari za kweli. Mwaka 2022 ndege mmoja mchanga wa pwani, wa aina ya Limosa lapponica, aliyefungwa kifaa cha kufuatilia safari, aliruka kutoka Alaska hadi Tasmania, kilomita zipatazo 13,560, kwa siku 11 bila kutua. Alikuwa na umri wa miezi mitano hivi, na hakuwahi kuiona njia hiyo.

Natumia kiti cha magurudumu. Mwenzangu haoni. Tutashiriki?

Ndiyo, na kamati inapaswa kuwa imeshatembea njia hiyo na mtu anayetumia kiti cha magurudumu kabla ya kuitangaza, si kukisia. Kuwe na kituo kimoja cha kukaa, chenye kivuli, choo karibu na teleskopu iliyoshushwa kimo. Mara nyingi kituo cha kukaa huona ndege wengi kuliko makundi yanayotembea, kwa kuwa ndege husahau kwamba kuna watu. Kwa asiyeona, kundi la kusikiliza liongozwe na mtu anayejua sauti, na orodha yake iingie kwenye hesabu kuu kama nyingine zote.

Mvua ikinyesha?

Ndogo, tunaendelea, ndege huchangamka sana inapokatika. Ikiwa na radi, tunasubiri ndani na kuanza na meza ya daftari.

Ndege adimu akionekana katikati ya shughuli, tufanye nini?

Anayemwona aandike kwanza alichokiona kabla ya kufungua kitabu: ukubwa akilinganishwa na ndege unayemjua, mdomo, miguu, alama za bawa, sauti, alichokuwa akifanya. Ukifungua kitabu mapema, macho huanza kuona kilichochorwa. Kisha apigwe picha, hata mbaya, na aitwe mtu wa pili kushuhudia.

Kama ni ndege anayewindwa, anayeuzwa au mwenye kiota, mahali alipo pasitangazwe. Ataarifiwe mwenyekiti peke yake. Tunajua inauma kuondoka bila kumwona ndege ambaye huenda hutampata tena, hasa kwa aliyetoka mbali. Hata hivyo watu 80 kuzunguka kichaka kimoja ni wengi mno, na usalama wake unatangulia orodha ya mtu yeyote.

Baada ya maadhimisho kuna kazi gani?

Orodha ya siku itumwe kwa kila aliyeshiriki ndani ya wiki moja, ikiwa na jina la kundi lake. Darubini za kuazima zihesabiwe na kusafishwa. Picha za daftari zihifadhiwe sehemu tatu tofauti, moja ikiwa nje ya nyumba ya katibu. Na kila mgeni aliyeacha namba yake apigiwe simu na kuambiwa tarehe ya matembezi yanayofuata, kiongozi ni nani, na kwamba ile darubini aliyoazima itakuwepo.